Kikapu Alichokikataa Neema

Aline aliponipigia simu nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, nikipima pindo la gauni la mteja mmoja ambaye kila nikimgusa anavuta tumbo ndani, kana kwamba mimi sijui matumbo. Sikuweza kumjibu binti huyu anayeniita shangazi. “Tantine Hadija, unanisikia? Siku ya mama imepangwa. Kuganduka iko kule Muyinga, kwa wajomba. Mi siwezi kwenda peke yangu.” Niliguna. Mteja akauliza kama kuna msiba, nami nikatoa pini moja moja nikamwambia msiba ulikuwa wa zamani, sasa ndio tunakwenda kuumaliza. Kwetu Burundi mtu hazikwi akaisha. Anazikwa, watu wanatawanyika, kisha baada ya muda ndugu wanakutana tena, wanakunywa, wanatamka mbele za watu mali yake inakwenda kwa nani, na kuanzia hapo huzuni inaruhusiwa kuondoka. Ndiyo kuganduka. Kabla ya siku hiyo marehemu hasemwi vibaya, wala ardhi yake haigawanywi.

Mama yake Aline aliitwa Sperata, na alikuwa mbunge wa Muyinga kwa vipindi viwili. Sisi wa Yoba, mtaa wa Waswahili hapa Gitega, tulimwita Mama Depite, hata baada ya yeye kuacha ubunge. Mimi niliishi nyumbani kwake mwaka mmoja tu, nikiwa msichana, na mwaka huo umekataa kuniacha. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Tangu Gitega iwe makao makuu, wizara zimekuja na watu wa ofisi wamekuja, na mafundi kama mimi tumenufaika. Kila mwenye mkutano anataka suti, au imvutano, lile vazi letu la kufungia begani. Lakini mara nyingi nikisimama jioni mlangoni mwa kiduka changu, namwona mwanamke ameshuka kwenye pikipiki, bega la kushoto limelala kwa uzito wa mkoba, na moyo wangu unaruka. Namfuata kwa macho mpaka ageuke. Si yeye. Kisha nyuma ya huyo, karibu kila mara, namwona wa pili, amevaa kandambili, anatembea polepole kwa sababu huko anakokwenda hakuna anayemsubiri. Huyo wa pili ndiye anayenitisha zaidi, kwa maana yeye hakufa.

Habari za kwetu naziacha. Inatosha kujua kwamba nilijua kushona na kwamba nyumbani tulibanana. Mama Depite alitaka mtu wa kumshonea na wa kukaa na nyumba wakati yeye yuko bungeni Bujumbura, kwa hiyo nikapewa chumba cha nyuma kwake, mtaa wa Musinzira, chumba chenye dirisha linalotazama migomba na cherehani yangu chini yake. Mume wake alikuwa amefariki. Aline alikuwa mdogo, analala shuleni kwa masista. Nyumba ilibaki ya sisi wawili na wageni, na wageni hawakuisha. Sebule ilikuwa na viti vikubwa vya mahameli, kila kimoja kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyethubutu kuegemea. Watu wa Muyinga walikaa kwenye ncha ya kiti, kofia magotini, wakisikia harufu ya maharage na ndizi kutoka jikoni. Mama Depite hakumsikiliza mtu mwenye njaa. “Kula kwanza,” alisema, “maneno ya tumbo tupu iko murefu.” Tulikula ugali wa muhogo, mchicha tunaouita lengalenga, ndagala, yaani dagaa, za kukaanga kwa mawese, na Jumapili kuku, ambaye alichinjwa na jirani yetu Mwislamu ili nami nile. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Hakuwahi kulitaja jambo hilo la kuku. Aliagiza tu likafanyika, na ndivyo alivyotaka nchi nzima iende.

Kabla ya siasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Waliomweka kwenye orodha ya chama walihitaji jina la mwanamke, na hawakudhani kwamba jina hilo lingefungua mdomo. Lilifika bungeni likaongea. Alikuwa na mambo yake matatu, na kila mgeni aliyasikia kabla ya sahani kuondolewa: maji ya bomba kwenye vilima vya Muyinga, ambako wanawake walishuka bondeni na mitungi, mama anayejifungua asizuiliwe hospitalini kwa umaskini wake, na urithi. Mawili ya kwanza aliyaeleza akiwa anakula. La tatu lilimfanya aweke kijiko chini. Kwetu ardhi ni ya watoto wa kiume. Binti hupewa igiseke, maana yake kikapu: kona ya shamba ya kulima akiwa hai, na akifa inarudi kwa kaka zake. Yeye alitaka sheria itamke kwamba binti naye ni mtoto. “Donc mi, mama alinibeba miezi kidogo kuliko kaka yangu?” aliwauliza wanaume, nao wakaziangalia ndagala zao. Mama yangu alikuja siku moja kunitazama, akamsikia akiwaambia wageni kwamba subira huvuta heri. Nilipomsindikiza mpaka barabarani akaninong’oneza, “Na ngoja ngoja huumiza matumbo.” Nilimcheka. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa Mama Depite, na kwa mtu kama yeye ningepiga kura kwa mikono miwili.

Neema alikuja mwaka huo huo, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza. Alizaliwa Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, akasomea huko, akazika wazazi wake huko, kisha akarudi peke yake kwenye nchi aliyoijua kwa kusimuliwa. Kirundi chake kilichechemea. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba mimi wa Yoba nilijiona ninatafuna maneno. Alikataa kiti cha mahameli akakaa kwenye kigoda cha jikoni. “Shikamoo, mama,” alimwambia Mama Depite. “Baba aliniambia kabla hajafa kwamba shamba letu liko Muyinga, juu ya kijito, na mpakani pana mti mkubwa wa mvumu. Nimelikuta. Mti upo. Baba mdogo ndiye anayelilima. Anasema ananijua, ananipenda, lakini mimi ni binti.” Hakuwa na kaka wala dada. Nilikuwa ninachambua maharage, nikainua macho, nikamwona Mama Depite anavyomtazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Alikuwa ameisemea sheria yake miaka yote bila uso, na sasa uso ulikuwa umekaa jikoni kwake unakunywa chai.

Tulikwenda Muyinga watatu. Mimi nilichukuliwa ili nimtafsirie Neema kile Kirundi kizito cha wazee, kwa sababu shauri la ardhi huamuliwa mbele ya bashingantahe, wazee wa haki wa kilima, kila mmoja na fimbo yake. Tulikaa uani kwa baba yake mdogo, mzee Stani, kwenye mabenchi, na katikati palikuwa na chungu cha pombe ya ndizi na mirija imechomekwa. Mzee Stani hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo sehemu ninayoirudia zaidi. Alisimama akavua kofia. “Huyu ni damu ya mukubwa wangu,” alisema. “Shamba yote siwezi, niko na vijana. Lakini ninamupa igiseke: ile kona ya chini mpaka kwa kijito. Alime, ajenge, akae na sisi.” Anayepokea hupiga makofi taratibu, akashika mrija, akanywa wa kwanza, na jambo limekwisha. Anayekataa, chungu huondolewa. Na neno la ardhi likikataliwa mbele ya wazee halitolewi tena, kwa sababu mtu huyo huhesabiwa kwamba amekataa undugu. Sote pale tulilijua hilo isipokuwa Neema. Kambini hakukuwa na ardhi ya kumpa mtu wala ya kumnyima.

Nilimtafsiria. Uso wake ulifunguka wote. Alikwisha kuinua mikono apige makofi, Mama Depite alipomshika kiwiko. “Neema, usipokee,” alimwambia kwa Kiswahili, polepole. “Ukipokea kikapu, umekubali kama we si mutoto. Ile sheria iko karibu kabisa. Ngoja kidogo tu, utapata shamba yote ya baba yako.” Neema alimwangalia. “Una uhakika, mama?” “Mi ndio natunga sheria,” alijibu Mama Depite, na akatabasamu, na mimi nilijivuna kwa ajili yake, kana kwamba nimeitunga naye. Mikono ya Neema ikashuka mapajani. Akasimama kwa adabu zake za Tanzania, akasema anamshukuru baba mdogo lakini ataisubiri sheria, na mimi ndiye niliyeyageuza maneno hayo kuwa Kirundi. Mzee Stani alivaa kofia yake. Wanawake wawili wakakiinua chungu wakakiingiza ndani kikiwa kimejaa. Mzee mkubwa wa bashingantahe hakumtazama Neema hata kidogo, alimtazama mbunge. “Mheshimiwa,” alisema, “bunge iko mbali na hapa.”

Njia nzima ya kurudi Gitega Mama Depite aliimba nyimbo za kanisani. Wiki zilizofuata aliifanyia hotuba yake mazoezi sebuleni, amesimama juu ya kigoda, mimi nikibana pindo la imvutano nyeupe atakayoivaa. “Iko mwanamuke mumoja wa Muyinga,” ilianza hotuba, na kila alipofika hapo sauti ilimtetemeka kidogo, na hakuwa anaigiza. Wabunge wenzake walipita kula wakiwa njiani kwenda kwao. Niliwasikia kutoka jikoni. “Mama, inchi yetu ni kidogo. Ukigawa na mabinti, kila mutu atalima kiwanja ya kaburi.” Mwingine akasema kaka na dada watashtakiana mpaka kiyama. Kisha wakaisifu ndizi ilivyoiva. Yeye aliwacheka, akawaongezea mchuzi, akawaambia tutaonana kwenye kura. Kura haikuja. Tulikuwa mezani redio iliposema kwamba muswada umerudishwa ili kwanza wananchi waelezwe vizuri. Mama Depite aliizima redio, akaonja maharage, akaniambia niongeze chumvi. Yalikuwa na chumvi ya kutosha. Niliongeza, tukala yalivyo.

Neema alirudi kwetu mara mbili. Mara ya kwanza alikaa kwenye kigoda chake kile kile, akauliza sheria imefika wapi, kama mtu anayeulizia mgonjwa. “Iko kwa komisyo,” Mama Depite alimjibu, yaani kamati ya bunge, na akamjazia kikombe ambacho kilikuwa hakijapungua. Neema akasema kwamba baba mdogo ameanza kuchimba mashimo kwenye ile kona ya chini. Anapanda mikaratusi. Mtu wa kwetu akipanda mikaratusi mahali amesema neno la mwisho, kwani mti ule unakaa kuliko mtu na hakuna kinachoota chini yake. “Nikamwambia, baba, nipe hata pale pembeni. Akasema, mwanangu, uliambiwa unapewa, ukakataa, mimi nitawaangaliaje wazee?” Alikuwa analima mashamba ya watu kwa kibarua na analala kwenye banda la jirani. Hakulalamika. Ningependa alalamike. Mama Depite alitaka kumpa gunia la mchele aondoke nalo, naye akalikataa kwa upole, akasema kwamba hakuja kuomba chakula.

Mara ya pili ilikuwa mchana wa jua kali. Mbwa wa jirani alibweka, nikachungulia dirishani nikamwona anapandisha njia, mavumbi mpaka magotini. Mama Depite naye alimwona. Aliinuka mezani, akaiacha sahani yake, akaingia chumbani akafunga mlango. Viatu vyake vilibaki pale kizingitini, vile vyeusi vya bungeni, vimeelekea nje. Neema alibisha hodi nikafungua. Macho yake yalishuka kwenye vile viatu, yakapita mpaka mezani kwenye sahani inayotoka mvuke, yakarudi kwangu. “Usijisumbue, dada,” alisema. “Mwambie tu kwamba nilipita.” Nilimpa maji akanywa amesimama. Alipoondoka nilikwenda nikasimama mbele ya ule mlango uliofungwa, nimekasirika, nikamsikia ndani analia kama mtoto aliyepigwa na asiyetaka kusikika. Hasira ikaniisha. Nilimwonea huruma, na bado nilimwona mwoga. Mpaka leo naona vyote viwili.

Baada ya hapo hakuwa mtu yule yule. Hodi ikibishwa, kijiko kilisimama njiani, na mimi nilitumwa kuangalia ni nani. Sokoni alinishika mkono mara nyingi, “Hadija, yule si yeye?”, na alikuwa muuza vitunguu tu. Akawa haimalizi sahani yake, anabakiza upande mmoja, na nilipomuuliza alisema ameshiba. Mwaka ulipoisha nilirudi Yoba kwa baba na mama, nikaolewa, nikafungua duka. Yeye aliendelea na ubunge. Bomba la maji lilifika kwenye vilima kadhaa, na wanawake wa huko wanamtaja hadi leo wakifungua koki. Sheria ya urithi aliirudisha kila alipopata nafasi, mpaka wenzake wakamwita Mama Igiseke kwa utani, na yeye akaitikia. Halafu chama kikamsahau kwenye orodha. Akarudi Muyinga, akajenga nyumba ndogo kwenye kikapu alichopewa na baba yake mwenyewe. Siku moja aliniambia kwamba alitaka kumkatia Neema kipande hapo, na kaka zake wakamcheka: kikapu hakigawiwi mtu wa nje. “Voilà,” alisema. “Mi niko ndani ya kikapu, yeye iko nje ya kila kitu.” Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Kwa hiyo nilikwenda na Aline. Anafanya kazi kwenye ofisi moja hapa Gitega, ana elimu, na ana mdomo wa mama yake. Tulipofika Karuzi, katikati ya safari, alianza kusema. “Tantine, mi najua watanipa igiseke tu. Ile nyumba, na ka-kona ka kahawa. Sitapokea. Nitawaambia mbele ya watu wote kama nitaenda kuwashitaki tribinali. Mama alipigania hii maisha yake yote. Nikipokea, nitakuwa nimemuzika mara ya pili.” Nilitaka kumwambia habari za chungu kilichoingizwa ndani kikiwa kimejaa. Lakini matanga yalikuwa hayajaondolewa, na huwezi kumsema marehemu kwa mtoto wake njiani kuelekea kaburini kwake. Nilimwambia tu afikirie. Akasema amekwisha kufikiria, na akageukia dirisha, na mimi nikakaa na ule mwaka magotini mpaka Muyinga.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na wale tusiokunywa tuliletewa Fanta. Nilitafuta pa kukaa, mwanamke mmoja akanisogezea nafasi, na kabla sijamwangalia usoni nilikwisha kujua ni nani. Neema alikuwa amezeeka kuliko mimi, na hatupishani sana kwa umri. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa jembe. “Msiba hauna kadi, dada,” alisema, kwa Kiswahili kile kile. Nilimuuliza anaishi wapi sasa, akataja kilima cha jirani, kwenye shamba la mtu. Akamtazama Aline aliyekaa mbele na wajomba zake. “Yule ndiye mtoto wake?” “Ndiye.” “Ana mabega yake,” alisema Neema. Mjomba mkubwa alikuwa amesimama na amevua kofia.

Alisema vizuri. Alimsifu dada yake, alitaja maji ya bomba, watu wakaitikia. Kisha akasema shamba linarudi kwa kaka zake kama desturi ilivyo, lakini mwanawe hawezi kuondoka mikono mitupu. “Aline, tunakupa igiseke: ile nyumba ya mama yako na kahawa iko pembeni. Ulime, ukae na sisi.” Chungu kilikuwa mbele yake. Aline alisimama, mikono ameibana mbavuni, na nikaona kidevu kinapanda. “Mjomba,” alianza, “mi nilikuwa nataka kusema...” Nilifumba macho. Kando yangu mkeka ulitikisika. “Pokea, mwanangu,” alisema Neema. Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya, na watu wote wakageuka kumtafuta huyo anayesema Kiswahili cha Tanzania katikati ya shauri la watu. Alikuwa amepiga magoti, amenyoosha mkono kuelekea kwa Aline. “Pokea. Sheria ikija, itakukuta shambani.”

Aline alimtazama yule mgeni, kisha akanitafuta mimi. Nilimwashiria kwa kichwa kwamba ndiyo. Kidevu chake kikashuka polepole. Mwishowe akapiga makofi, taratibu, akainama akashika mrija, akanywa, na vigelegele vikapanda kila upande. Nililia wazi bila aibu. Lilikuwa jambo la haki kufanya, na lilikuwa kushindwa kwa Mama Depite, hatua chache kutoka alipolala.

Chakula kilipoanza kugawiwa Aline alikuja mpaka mkekani kwetu, akachuchumaa mbele ya Neema akamshika mikono miwili. “Merci, mama. Nilikuwa nataka kuharibu.” Hakuwa na habari anaongea na nani. “Na we, kwenu walikupa wapi?”

“Mimi niliambiwa nisubiri.”

“Aliyekuambia ni nani?”

Neema aliitazama ile nyumba ndogo nyuma ya Aline, kisha akamrudia usoni. “Mtu aliyenitakia mema,” alisema.

Aline alinigeukia, akidhani nitaongeza neno. “Kula kwanza,” nikamwambia, nikamsogezea sahani.